Mgongo wa Kuazima

Maelezo ya onyo ya Elia Mayige yalikuwa na mistari kumi na moja. Sajini Specioza Bugumba aliyasoma kwa mara ya tatu asubuhi ya Jumatano akiwa amesimama, kwa sababu kiti cha chumba cha upelelezi kilivunjika tangu mwaka uliotangulia na kila aliyeandika barua ya kuomba kingine alihamishwa kabla ya kujibiwa. Mistari kumi na moja kwa kosa la kubaka! Mtu akiiba jogoo katika kituo kile aliandikiwa kurasa mbili.

"Mimi Elia, umri miaka kumi na mitano, nakiri kwa hiari yangu kwamba Jumamosi jioni nilimvamia Milembe katika njia ya kisimani, kijiji cha Mwagimbi, nikambaka. Aliniuma mkono. Niliposikia yowe la mwano nikakimbilia mbugani. Naomba msamaha." Chini yake dole gumba, lililokandamizwa sawasawa.

Siku mbili nzima Specioza alikuwa amemkimbiza mtu mwingine. Tangu biashara ya pamba iwe huria, kila kampuni ilileta lori lake na watu wake, na kila ubaya uliotokea vijijini ulitupiwa wageni hao. Mwagimbi wote walimtaja utingo mmoja wa lori la pamba. Jumapili akapanda baiskeli, Jumatatu akapanda basi, na huko Nyashimo akamkuta utingo wake amelala na homa kwenye nyumba ya wageni, mahali alipolazwa na wenzake tangu Ijumaa. Aliporudi kituoni akiwa na vumbi hadi kwenye kope, mzee Mayige alikuwa ameshafika na mwanawe. Alimleta mwenyewe, bila kuitwa. Kijana alikiri kabla hajaulizwa.

Inspekta Marcelo, mkuu wa kituo na mwendesha mashtaka, alifurahi.

"Ijumaa hakimu anakuja," alisema. "Mtoto amekiri, baba yake kamleta, mlalamikaji yupo. Kesi ya dakika ishirini. Funga faili, Specioza."

Sheria ya makosa ya kujamiiana ilikuwa na mwaka mmoja tu, na wengi walikuwa hawajaisoma. Specioza aliisoma. Mtu mzima akipatikana na hatia ya kubaka, jela miaka thelathini. Kijana wa miaka kumi na minane kushuka chini, kosa la kwanza, viboko. Viboko tu. Anachapwa asubuhi, jioni yuko kwao anakunywa uji. Hakuna wa kumfuatilia, hakuna wa kumuuliza kilichomsukuma, hakuna wa kumwelekeza asirudie. Afisa ustawi wa jamii alikuwa mmoja kwa wilaya nzima na hakuwa hata na baiskeli. Specioza alikwisha kuona vijana watatu wakichapwa chini ya sheria hiyo. Mmoja alirudi ndani ya miezi minne kwa kosa lilelile, na mahakama ikashangaa.

Akalifunga faili, lakini hakulipeleka kwa Marcelo. Alikwenda stoo.

Kituo hakikuwa na mahabusu ya watoto. Ili Elia asichanganywe na wakubwa, waliona busara kumweka stoo ya vielelezo, kati ya baiskeli za wizi na gunia la bangi. Alikuwa amekaa juu ya tairi. Mwembamba, shingo ndefu, miguu imechanika kwa miiba ya machungani. Alipomwona sajini akasimama.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Nionyeshe mkono."

Akanyoosha wa kushoto. Specioza alimshika kiganja na kuugeuza mkono kwenye mwanga wa mlango. Hati ya daktari ilisema "jeraha mkononi", basi, kama vile majeraha yote ni ya baba mmoja. Jeraha lilikuwa chini kidogo ya kiwiko. Limenyooka kama mstari wa daftari, urefu wa kidole, na kingo zake hazikuwa zimechanika hata kidogo.

"Hapa ndipo alipokuuma?"

"Ndiyo, Afande."

"Huyo Milembe ana jino moja, au?"

Elia aliurudisha mkono mgongoni. Specioza alivuta gunia tupu akakaa.

"Haya. Ulimkuta wapi?"

"Njia ya kisimani."

"Alibeba nini?"

"Ndoo."

"Ya rangi gani?"

Kijana aliangalia dari, akaangalia baiskeli. "Ndoo tu, Afande. Nilimvamia katika njia ya kisimani, aliniuma mkono, niliposikia yowe la mwano nikakimbilia mbugani. Naomba msamaha."

Ni maneno yaleyale ya maelezo, yamepangwa vilevile, kama katekisimu. Specioza alikuwa amebakiwa na swali moja la kizembe, la kumalizia tu.

"Huo mwano, ulitokea upande gani?"

Kwa mara ya kwanza kijana alijibu bila kufikiri. "Machweo."

"Machweo?"

"Ndiyo. Ulitokea machweo, ukatufikia, ukapita."

Specioza hakuandika. Yeye mwenyewe alizaliwa na kukulia Usukumani, na alijua hili kabla hajajua kusoma: mwano ukilia, mtu hakimbii kwanza. Anasikiliza kwanza. Ile sauti ya hatari inapokewa kijiji hadi kijiji, na mtoto hufundishwa tangu anapochunga ndama kwamba atambue inatoka wapi, asije akakimbilia kusiko, akawaacha wezi wa ng'ombe nyuma yake. Hata mlevi ukimwamsha atakuambia mwano wa jana ulitokea upande gani. Ndiyo maana Elia alisema kweli. Hakuna aliyekumbuka kumfundisha uongo wa swali hilo.

Lakini mwano wa Jumamosi uliinuliwa palepale kisimani, na wanawake waliomkuta Milembe. Aliyekuwa kisimani angesikia ukilia juu ya kichwa chake. Aliyeusikia kutoka machweo alikuwa mbali, upande wa mawio.

"Umetumwa na nani kusema haya, mwanangu?"

"Nimekiri kwa hiari yangu," alisema Elia, na macho yakamjaa machozi.

Mlango ukagongwa. Aliingia kijana wa miaka ishirini na saba hivi, mrefu, shati jeupe la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka kwenye vifundo, amebeba chupa ya chai na chapati kwenye kitambaa. Januarius, kaka yake Elia kwa baba. Mwagimbi nzima ilimjua: karani wa kununua pamba wa kampuni moja ya watu binafsi, ndiye aliyesema pamba ya nani ni daraja la kwanza na ya nani ni takataka. Siku za ushirika karani alikuwa mtu. Sasa alikuwa mungu mdogo mwenye mzani.

"Mwangaluka, Afande," alisema, akatoa mkono wa kushoto. "Samahani, wa kulia umeshika chupa."

"Mwangaluka. Unampenda mdogo wako."

"Ni mtoto. Amekosea, tumemkanya. Mama yake alikufa, unajua watoto wasio na mama." Alimwangalia Elia kidogo, akarudisha macho kwa sajini. "Ijumaa itaisha kweli? Maana baba ni mzee, haya mambo yanamwumiza."

"Wewe ndiye utakayekaa naye mahakamani?"

"Ndiyo. Baba hawezi. Sheria inasema mtoto awe na mlezi, sivyo?"

"Inasema hivyo. Umeisoma?"

"Niliisikia redioni," alisema Januarius, na akatabasamu.

Mchana Specioza alifika Mwagimbi. Pamba ilikuwa imerundikwa barazani kwa kila nyumba, na mbele ya kituo cha kununulia watu walipanga foleni kumsubiri karani. Milembe alikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake anapepeta mtama. Mwanamke wa miaka ishirini na minne, fundi cherehani, cherehani yake imefunikwa kanga tangu Jumamosi. Shavuni alikuwa bado na alama.

"Mwadila, mayu," Specioza alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila. Mmekuja kunisomea hukumu? Wazee wamekwisha kuja. Wamesema kijana amekiri, nishukuru."

"Sikuja kusoma. Nimekuja kuuliza. Jumapili hukuulizwa."

Milembe aliweka ungo chini. "Aliyekuja Jumapili aliniuliza mambo matatu. Kama nimeolewa. Nilivaa nini. Kama nina uhakika." Alicheka, kicheko kibaya. "Haya, uliza."

"Ulibeba nini?"

"Beseni la nguo. Nilikwenda kufua, sikwenda kuteka."

"Uso wake hukuuona?"

"Alinitokea nyuma. Akaniziba mdomo kwa mkono. Nikauma hapa." Alijigusa mkono wa kulia, katikati ya kiwiko na kifundo. "Niliuma mpaka meno yangu yakakutana, Afande. Akanigonga chini. Mengine nimekwisha kumwambia daktari, sitayasema tena leo."

"Usiyaseme. Simama tu."

Milembe akasimama. Specioza alisimama nyuma yake, akamwita mama yake atoke ashuhudie, akamwomba Milembe aseme kimo cha mtu yule, kama anakumbuka.

"Nakumbuka. Kidevu chake kilikuwa juu ya utosi wangu. Kilikuwa kinanichoma."

Elia alikuwa anamfikia Milembe begani. Mtu yeyote mwenye macho angewasimamisha pamoja na kuona. Siku nne zilikuwa zimepita, wazee, polisi, daktari, mzazi, wote wakimsifu kijana kwa kukiri, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kumwuliza mwanamke urefu wa mtu aliyemshika. Specioza alitukana kimoyomoyo, tusi la kwao Nyashimo, refu.

"Siye, ndiyo?" aliuliza Milembe taratibu.

"Bado sijui la kusema mbele ya hakimu."

"Basi nikuambie langu. Ijumaa huyo mtoto akichapwa, kesi imekufa. Jumamosi mimi nakwenda kisimani kilekile. Na huyo mwenye kidevu yupo, ananiangalia nikipita, anajua kwamba hakuna tena wa kumtafuta." Aliuokota ungo. "Nitahama. Mkifunga hilo faili, mimi nahama, nauza cherehani."

Upande wa mawio wa Mwagimbi, saa nzima kwa miguu, kuna kijiji kimoja tu kabla ya pori: Isagala. Specioza alilala kwa katekista wa pale, na asubuhi ya Alhamisi akamtafuta Thomasi Ndaki, katibu wa sungusungu. Alimkuta akichonga mishale nje ya nyumba yake, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Jumamosi mwano uliwafikia?"

"Ulitufikia. Ulitokea machweo, kisimani Mwagimbi. Tulitoka wote, tukapanga mstari, tukapekua pori mpaka giza. Hatukupata mtu."

"Wote mlitoka?"

Thomasi alimwangalia kama aliyeulizwa kama anaoga. "Afande, kaya isiyotoka inatengwa. Haipewi moto, haisalimiwi, ikifiwa inazika yenyewe. Nani atabaki ndani?" Akaingia, akatoka na daftari la jalada gumu. "Kila kaya mtu mmoja na upinde wake. Naandika mwenyewe, mstari ukikamilika, kabla hatujaondoka. Hii hapa. Redio ilikuwa inasoma taarifa ya saa kumi na moja na nusu, robo saa haijapita tangu mwano utufikie."

Kidole cha Specioza kilishuka kwenye majina. Kaya ya ishirini na tatu. *Novatus, anaumwa mguu. Badala yake Elia, mpwa, wa Mayige wa Mwagimbi. Upinde wa mjomba.*

Alilisoma tena. Akakaa chini juu ya gogo bila kukaribishwa.

"Huyu Elia unamjua?"

"Namjua sana. Yuko kwa mjomba wake tangu kilimo kiishe, anamchungia. Nsumba mzuri, kijana wa kazi. Ni mdogo kwa mstari, nilisita, lakini Novatus alisema kaya yake haitaaibika kwa ajili ya mguu." Thomasi alivua miwani. "Jumapili baba yake alikuja kumchukua. Alisema anampeleka Nkoma kuhamisha ng'ombe."

"Yuko mahabusu. Amekiri kwamba ndiye mliyekuwa mnamtafuta."

Mzee alivaa miwani tena. Halafu akageuka, akapiga kelele kuelekea nyumba ya pili. "Novatus! Toka! Na fimbo yako ya kutembelea, toka!"

Wakati wanamsubiri, Specioza alilijua kosa la mzee Mayige. Alipanga kila kitu: maneno, jeraha, umri. Wembe aliushika yeye au mwanawe mkubwa, hilo lingejulikana. Lakini kuitikia mwano ni kitu cha kawaida kwa watu hawa kama kupiga mswaki. Hakuna mtu anayekumbuka kwamba ameitikia, na hakuna anayedhani ni ushahidi. Mzee alimchukua mwanawe kutoka Isagala akijua mtoto alikuwa Isagala, na hakumwuliza alikuwa anafanya nini saa hiyo. Angemwuliza nini? Alihitaji mgongo wake tu.

Inspekta Marcelo alilisoma daftari Alhamisi jioni, akalirudisha.

"Hili ni daftari la wanamgambo wa pinde. Nina maelezo ya onyo yenye dole."

"Nina mtoto aliyekuwa mahali pengine, afande."

"Amekiri!"

"Ng'ombe akifundishwa kutikisa kichwa naye atakiri. Mpeleke hakimu picha kamili, au nitaipeleka mimi."

"Kesho utakaa kimya, Sajini," alisema Marcelo. "Hilo ni agizo."

Ijumaa, mahakama ya watoto ilikaa katika ofisi ya chama cha ushirika kilichokufa. Sheria ilitaka kesi ya mtoto isisikilizwe katika chumba kilekile cha wakubwa, wala mbele ya watu, kwa hiyo kila hakimu alipokuja waliazima chumba hicho, wakasogeza mzani wa zamani wa pamba ukutani, wakaweka meza. Ndani walikuwa watu sita: Hakimu Joakim, mtu wa makamo mwenye kikohozi, karani wake, Marcelo, Specioza, Elia, na kando ya Elia, kama mlezi wake, Januarius na shati lake la mikono mirefu. Konstebo alisimama mlangoni. Nje walisubiri wengine: Milembe, mzee Mayige, na upande wa pili wa uwanja Thomasi na Novatus.

Hakimu alisoma shtaka taratibu, kwa Kiswahili chepesi, akamwuliza Elia kama ameelewa.

"Nimeelewa. Ni kweli."

Marcelo akasoma maelezo. Mistari kumi na moja. Haikuchukua dakika mbili. "Ni kosa la kwanza, Mheshimiwa. Kijana ana miaka kumi na mitano. Upande wa mashtaka unaomba adhabu kwa mujibu wa sheria."

"Mlezi una la kusema?"

Januarius alisimama. "Tunaomba mahakama imhurumie. Lakini kama ni viboko, familia inapokea. Atajifunza."

Mlangoni konstebo alikuwa ameegemeza fimbo, imekwisha kuchaguliwa. Elia aliitazama, akaanza kufungua vifungo vya shati lake kabla hajaambiwa. Hapo Specioza akaona basi, inatosha.

"Mheshimiwa, mpelelezi anaomba kusema."

"Mpelelezi hana la kuongeza," alisema Marcelo haraka.

Hakimu Joakim alikohoa, akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. "Hii ni mahakama ya mtoto, Inspekta. Kabla sijamchapa mtoto wa mtu nina haki ya kusikia. Sema, Sajini."

Specioza aliweka daftari mezani. Alisema kimo alichokitaja Milembe, beseni la nguo na ndoo isiyokuwepo, jeraha la wembe na meno. Alisema mwano wa machweo. Kisha akasoma kaya ya ishirini na tatu, neno kwa neno, na akaeleza kwamba mwandishi yuko nje pamoja na mwenye upinde.

Hakimu alichukua daftari akalisoma mwenyewe, akaligeuza jalada, akalisoma tena.

"Elia," alisema, "Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

Kijana alimgeukia kaka yake. Januarius alikuwa anaangalia mzani.

"Usimwangalie yeye. Niangalie mimi. Ulikuwa umeshika upinde wa nani?"

"Wa mjomba," alisema Elia kwa sauti ndogo, halafu akaziba mdomo kwa viganja viwili.

"Mahakama inakataa kukiri huku. Andika: amekana kosa," Hakimu alimwambia karani wake. Akamgeukia Marcelo, na kikohozi kikawa kimemwacha. "Mlitaka nimchape huyu? Mlikuwa na siku sita, Inspekta. Siku sita!"

Marcelo alianza kukusanya karatasi zake. Januarius alisimama, akasema anatoka kumwita baba. Specioza alikuwa ameshafika kati yake na mlango.

"Bwana Januarius, kunja shati. Mkono wa kulia."

"Afande, mimi ni mlezi hapa. Siko kizimbani."

"Kunja."

"Huna hati!"

"Nina mwanamke aliyeuma mtu mpaka meno yakakutana, na mtu anayesalimia watu kwa mkono wa kushoto. Nakukamata kwa tuhuma za kubaka. Kunja mwenyewe, au konstebo akusaidie."

Alijaribu kumpita. Konstebo alimbana ukutani, kifungo kikaruka, mkono wa shati ukapanda. Kati ya kiwiko na kifundo kulikuwa na bandeji iliyokwisha kuteleza, na chini yake nusu duara mbili za usaha, moja juu, moja chini. Hakuna aliyehitaji daktari kuzisoma. Elia aligeukia ukuta.

Walipomtoa nje kwa pingu, mzee Mayige alikimbia uwanjani hadi mbele ya Specioza.

"Umefanya nini, mayu? Umefanya nini? Elia ningempata leo jioni! Mgongo unauma siku saba, unapona! Huyu nitampata lini? Miaka thelathini! Nani atanizika?"

"Angekuzika nani, mzee? Huyu wa kisimani?"

"Ulikuwa ni mgongo tu!" alipiga kelele Mayige. "Mgongo tu wa mtoto!"

Karani wa mahakama alimletea mzee fomu ya kumpokea mtoto, aweke dole. Aliitazama, akaitazama na sura ya Elia mlangoni. Akatema mate chini, akafuata gari la polisi. Novatus ndiye aliyekuja akichechemea na fimbo yake, akaweka dole bila kuuliza imeandikwa nini, akamshika mpwa wake bega.

Milembe alikuwa bado amesimama palepale alipokuwa tangu asubuhi. Gari lilipoondoka na vumbi likatulia, alivuka uwanja, akasimama mbele ya Elia. Kwa kimo alimzidi kweli. Novatus alitaka kusema jambo, Specioza akamzuia kwa mkono.

"Ulikuwa unajua ni nani?" Milembe aliuliza.

Elia aliangalia miguu yake. "Nilijua. Jumapili nilimwona mkono."

"Na ukakubali."

"Ndiyo."

"Ukachapwe wewe, halafu mimi nibaki naye kijijini, ananipimia pamba ya mama yangu. Hilo ulilifikiri?" Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nilikushonea kaptula ya shule, Elia. Hilo ulilifikiri?"

Kijana alilia. Alilia kama mtoto mdogo, kamasi na vyote, na hakujifuta.

"Walisema mgongo wangu utapona," alisema. "Na wewe, walisema wewe utasahau."

Milembe akamgeukia Specioza.

"Andika hilo," alisema. "Andika kama alivyolisema."

Specioza alitoa kalamu, akafungua ukurasa mpya, akaliandika.